Nukta Mbili Juu ya Boriti

Kwa miaka minne nilisema ni patasi ya Papa Ilunga iliyokosea. Si kweli. Nilikosea mimi, mwenye shahada ya isimu, na kosa hilo nililikana kwa Kiswahili fasaha na Kiingereza cha kuridhisha.

Nilianza kazi mwaka 2015, katika karakana ya mawe ya makaburi kule Turffontein. Mume wangu, mtoto wa wapigania uhuru waliorudi kwao kutoka Morogoro, alikuwa ameniahidi Johannesburg ya ofisi za vioo. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyeupe. Kufika saa nne vilikuwa vya kijivu kwa vumbi la granaiti.

Meneja alisoma vyeti vyangu akiwa amesimama. "Isimu ni nini, Mama Neema?"

"Ni elimu ya lugha."

"Lugha zote?"

Ningesema hapana. Nikasema, "Kwa ujumla."

"Sharp. Basi herufi zote ni zako, hata za Kichina."

Hivyo nikawa msahihishaji. Ninyi vijana mnaochonga kwa mashine hamjui tulivyofanya. Mteja alipewa karatasi ya maneno, akaisoma na kuitia saini. Kisha nilichapa mchoro wenye ukubwa wa jiwe lenyewe, Papa Ilunga akaubandika juu ya granaiti na kuchonga akiufuata. Patasi iliila karatasi kadiri ilivyokwenda. Jiwe lilipokamilika, mchoro ulikuwa umeshakuwa vumbi. Papa Ilunga, mtu wa Lubumbashi, alikuwa mchongaji herufi, cheo cha juu kabisa pale uani. Chini kabisa walikuwepo wasuguaji, waliong'arisha mawe kwa maji kutwa nzima.

Siku moja akaja Bi. Kit, mwalimu mstaafu, kuagiza jiwe la baba yake. Nilipomwambia Kit ni jina zuri la ukoo, alicheka.

"Si la ukoo hilo. Babu yangu aliitwa Leung Kit. Kwetu Wachina jina la ukoo hutangulia. Karani wa bandarini akadhani la mwisho ndilo la ukoo, na tangu hapo sote tunaitwa kwa jina la babu mwenyewe. Leung limebaki makaburini tu."

Akanichorea herufi yake: juu maji, chini mti, maana yake boriti. Kwa simulizi za ukoo wao, hilo lilikuwa jina la ufalme mdogo uliomezwa na jirani. Waliokimbia hawakuweza kubeba ardhi, wakabeba jina lake.

"Kama sie, Mama," alisema Papa Ilunga, akinoa patasi. "Huku hakuna anayejua Ilunga. Wananiitaka Congo tu."

Bi. Kit alitia saini akaondoka. Mchana huo umeme ukakatika kwa mgao, na mchoro wangu ukapotea kabla sijauhifadhi. Umeme uliporudi niliandika upya kwa haraka, bila kutazama karatasi yenye saini. Kompyuta hutaka matamshi ya Beijing: badala ya Leung unaandika Liang, inakuletea orodha ya herufi zinazotamkwa hivyo. Nikachagua iliyonipendeza. Juu ya ule mti ilikuwa na nukta mbili ndogo. Nukta hizo huugeuza mti kuwa nafaka, na boriti ikawa mtama.

Bi. Kit aliona siku ya kusimamisha jiwe, mbele ya ndugu zake wote. "Mmemzika baba yangu kama gunia la mtama," alimwambia Meneja.

Meneja akatuita. "Eish, Mama Neema. Nukta hizi zimetoka wapi?"

Nilimwonyesha karatasi yenye saini, ambayo haikuwa na kosa. "Labda patasi iliteleza."

"Mara mbili?" Papa Ilunga aliniuliza mimi, si Meneja. "Mie nafuataka karatasi, Mama. Patasi haina akili yake."

Nikatazama viatu vyangu.

Jiwe lilichongwa upya na fundi mwingine, na Papa Ilunga akapelekwa kwa wasuguaji. Kila asubuhi alinisalimia, "Jambo, Mama Mtama." Watu walicheka, nami nikacheka nao. Hata leo nakumbuka kwa hamu mlio wa nyundo pale uani, chai ya saa nne, redio ya Kizulu, na Papa Ilunga akiimba nyimbo za kanisani kwa Kifaransa. Alipohamishiwa kwenye maji aliacha kuimba. Ni kelele za mashine, nilijiambia.

Mwanzoni mwa 2019 karakana ilifungwa nikastaafu, neno kubwa kwa mtu wa miaka hamsini na moja. Papa Ilunga alifungua kibanda chake Malvern, Mtaa wa Jules. Mimi nikaanza kuandika insha kuhusu umakini katika lugha.

Kisha simu ikalia. Alikuwa Bi. Kit. Kaka yake alikuwa amefariki.

"Nimepita Jules nikaona kazi nzuri sana. Halafu nikamtambua mchongaji. Wewe ndiye uliyekuwa msahihishaji, niambie: nimpe jiwe la kaka yangu mtu aliyetuandika mtama?"

Jibu nililokuwa nalo miaka yote lilifika mdomoni, likakwama.

"Hakuandika yeye," nikasema. "Alichonga nilichompa. Mtama ni wangu."

"Na ukamwacha atolewe kwenye herufi."

"Nilimwacha."

Sikusikia msamaha. Nilisikia droo ikifunguliwa, kalamu ikitafutwa.

"Kibao chake kimeandikwa Congo tu. Jina lake la ukoo ni lipi?"

Nikamtajia Ilunga, herufi moja moja. Kisha nikamwomba anisomee alichoandika.