Majina Niliyowaandikia Watu wa Kata Yetu

Mimi ndiye niliyeushtaki mji. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi kuna watu wanaoisimulia habari hii kana kwamba wao ndio waliosimama mbele ya jaji, na wengine wanasema eti nilisimamiwa na avoka, wakili mkubwa kutoka Saint Paul. Hakuna avoka. Kulikuwa na mimi, mke wangu, na koti langu la harusi, ambalo wakati huo lilikuwa limeshakataa kufungwa vifungo.

Shule niliishia darasa la tano, kwetu Kivu, na hilo la tano lenyewe sikulimaliza. Lakini nenda kaulize kaskazini yote ya Minneapolis mpaka Blaine ni nani anayesafisha theluji kwenye maegesho ya kliniki na maduka. Nilianza na koleo la plastiki nililolikuta limetupwa kando ya pipa la taka. Baada ya miaka tisa nilikuwa na malori manne, kila moja na bamba lake la chuma mbele la kusukumia theluji, na Wamarekani wawili walioniita bosi. Hakuna aliyenishika mkono. Niliangalia wengine wanavyofanya, nikaona wanapokosea, nikafanya vizuri zaidi.

Mji wetu siutaji jina. Ni mmoja wa ile miji midogo iliyoshikana na Minneapolis, na wakati ule ulikuwa na kata nne, kila kata na diwani wake. Kata yetu ndiyo ya apatimenti: Wakongo tuliotoka kambi ya wakimbizi, Wakenya, Wasomali, Wamarekani wazee waliobaki peke yao. Kata nyingine ni za nyumba zenye gereji za magari matatu. Kutoka apatimenti hadi kituo cha basi kuna njia ya miguu, na kwa miaka mingi magari ya mji yalisukuma theluji ya barabarani na kuilundika juu ya njia hiyo. Akina mama walisukuma vigari vya watoto katikati ya barabara, malori yakiwapita ubavuni. Mimi, mtu wa theluji, siwezi kuiona kazi mbaya namna ile nikaiacha. Nikamwendea diwani wetu. Alikuwa ameshinda kwa kura chache sana, nazo zilikuwa za kwetu, na alilijua hilo. Hazikupita wiki mbili, njia ilikuwa safi hadi lami inaonekana. Hiyo ndiyo maana ya kata. Mtu anayetaka kura yako lazima akusikilize, kwa sababu hana pengine pa kuipata.

Basi, theluji ya mwaka mmoja ilipoanza kuyeyuka, baraza likabadilisha katiba ya mji. Huku mji unaweza kuwa na katiba yake, inayosema nani anachaguliwa na namna gani. Wakafuta kata zote. Madiwani wangechaguliwa na mji mzima, maana yake wenye gereji tatu wangetuchagulia na wa kwetu. Sheria inataka madiwani wote wakubali, asipinge hata mmoja, na wote waliinua mkono. Hata wetu. Nilimkamata koridoni.

"Itapunguza mkanganyiko," akaniambia.

"Mkanganyiko wa nani?"

Akaanza kutafuta kitu kwenye simu yake.

Mke wangu alimaliza sekondari Bukavu, na hajawahi kuniacha nikasahau. Alisoma tangazo la mji mwanzo hadi mwisho akiwa amesimama jikoni. Akaniambia wananchi wana siku sitini za kukusanya sahihi za wapiga kura walioandikishwa. Zikitosha, mabadiliko yanasimama hadi mji mzima uyapigie kura.

"Nipe karatasi," nikamwambia.

Nilipita mlango kwa mlango nikitoka kazini, viatu vikiwa bado na matope. Jumapili nilisimama mlangoni mwa kanisa, nikawawahi watu kabla hawajayafikia magari yao. Sijivuni, lakini kazi ile niliiweza kuliko mwanasiasa yeyote. Kuninyima sahihi kulikuwa kugumu, maana sikuwa naondoka.

Sasa hapa lazima nieleze jambo. Kwetu, ikiwepo orodha yoyote, ya msiba, ya harusi, ya mgao wa unga kambini, anaandika mtu mmoja, yule mwenye mwandiko. Wengine wanataja jina, wanatia sahihi au dole gumba, basi. Kule kambini Kigoma mwandishi wa kijiji chetu nilikuwa mimi, na darasa langu la tano, nikawapita waliofika sekondari, kwa sababu herufi zangu zinasimama wima kama askari wa gwaride. Kwenye karatasi za mji nikafanya vilevile. Jina, anwani, mwaka wa kuzaliwa, nilijaza mimi. Mwenyewe akatia sahihi. Tulivuka idadi iliyotakiwa. Karatasi zikapendeza hasa, nikazipeleka ofisini ndani ya bahasha mpya.

Siku chache baadaye karani wa mji akaniita. Alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Alizipanga karatasi mezani mbele yangu.

"Bwana, huu wote ni mwandiko mmoja."

"Ndiyo," nikasema, "ni wangu. Umeupenda?"

Hakucheka. Akaweka kidole juu kabisa ya karatasi, kwenye mstari wa herufi ndogo. Ulisema kila anayetia sahihi ajaze maelezo yake yote kwa mkono wake mwenyewe, isipokuwa awe na ulemavu unaomzuia. Mstari ule nilikuwa nimeuona kwenye kila karatasi. Nilidhani ni maneno ya kampuni iliyochapa.

"Siwezi kuzihesabu," akasema. "Na kwenye barua nitalazimika kuandika kwamba kuna shaka ya kughushi. Ombi lenu limefungwa. Pole sana."

Nyumbani mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mamia ya watu, Papa, na hukusoma mstari mmoja?"

"Nilikuwa naandika."

"Nimeona."

Lakini jioni tatu mfululizo alikwenda maktaba baada ya zamu yake ya kutunza wazee, na jioni ya tatu akarudi na jibu. Sheria inasema ombi likionekana lina upungufu, karani ataje upungufu wenyewe, kisha atoe siku kumi za kurekebisha.

"Hakukupa siku kumi. Amekufungia mlango tu."

"Basi kosa ni lake!"

"Ni lenu wote wawili. La kwako ndilo la kwanza."

Kwenye mahakama ya kaunti kuna dirisha la watu wasio na avoka. Mke wangu alijaza fomu, mimi nikatia sahihi: mwananchi mmoja dhidi ya mji. Safari hii nilisoma kila mstari, hata ule wa kampuni iliyochapa.

Wakati tunasubiri tarehe, neno lile kughushi lilitoka kwenye barua likaingia kwenye apatimenti. Likapanda ghorofa. Kufika ghorofa ya tatu lilikuwa limeshakuwa habari kwamba wote waliotia sahihi watanyang'anywa uraia. Kanisani watu walianza kunisalimia kwa mbali. Mmoja akanipigia simu: "Papa, futa jina langu. Nimekaa kambini miaka kumi na saba nikingojea karatasi hii ya uraia. Siwezi kuipoteza kwa ajili ya diwani."

Siku ya kesi mke wangu aliniwekea sharti moja ndani ya gari. "Jibu unachoulizwa. Usijisifu."

Avoka wa mji alikuwa kijana nadhifu, viatu vinang'aa. Alisema mwandiko ni mmoja. Kisha akatoa daftari la wapiga kura. "Mheshimiwa, kwa mujibu wa daftari hili, watu kumi na mmoja wa ukurasa mmoja tu wa ombi wamezaliwa tarehe mosi Januari. Hata tukisema ni bahati, watu wangapi wanaweza kuzaliwa siku moja?"

Jaji, mwanamke mwenye mvi alizozikata fupi, akanitazama juu ya miwani.

"Nani aliandika majina haya?"

Nilijua neno kughushi lina jela ndani yake. Ningeweza kusema tuliandika wengi, sikumbuki nani na nani. Lakini nikiyakana maandishi yangu, sahihi zao nazo zingeonekana za uongo.

"Mimi, Mheshimiwa. Yote. Sahihi ni zao, maandishi ni yangu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nina mwandiko mzuri."

Nyuma yangu nilimsikia mke wangu akishusha pumzi. Nikaeleza habari ya orodha zetu, ya msiba na ya unga. Jaji akauliza, na hiyo tarehe je?

"Sisi tulizaliwa msimu wa kupanda maharage, au mwaka wa vita fulani. Karani wa kambi alitaka tarehe, akatuandikia mosi Januari. Hata mimi, angalia. Hata mke wangu yule pale. Siku hiyo, Mheshimiwa, jengo zima linaongeza mwaka, na hakuna anayebaki wa kumpikia mwenzake."

Akacheka. Hata mwandishi wa mahakama alicheka. Kisha jaji akavua miwani, na alipoongea hakuwa anacheka tena.

"Mstari ule una kazi yake, bwana. Unamlinda mtu asiandikwe bila yeye kujua. Ulikosea. Lakini sioni hapa mtu aliyeghushi. Sheria inawapa siku kumi za kurekebisha, na karani hakuwa na ruhusa ya kuwanyima. Siku kumi zinaanza kesho."

Nilitaka kupiga kelele. Koridoni nilimkumbatia mke wangu hadi mkoba wake ukaanguka.

"Unafurahia nini?" akasema, akiuokota. "Nani atakubali kuandika tena?"

Hakukubali mtu. Siku ya kwanza nilibisha milango ishirini na kitu, nikasikia televisheni zikizimwa ndani. Siku ya pili nikaenda kwa mama mmoja wa ghorofa ya chini, mjane, ambaye tulikuwa majirani tangu kambini. Alinifungulia, akanipa chai, akaniacha ninywe nusu kikombe.

"Papa, ulituandika kama watoto."

"Mama, nilikuwa nasaidia."

"Nani alikuomba? Mimi nilijifunza kuandika jina langu ili nipate uraia. Miaka miwili, kila Jumanne, na magoti yangu haya. Weye ukaja na kalamu yako, ukaniambia, Mama, weka alama hapa. Hata kuniuliza hukuniuliza."

Nikakiweka kikombe mezani, nikawaza juu ya wote wale niliowaambia waweke alama hapa, na katika wote hao hakuna hata mmoja niliyemuuliza kama anaweza.

"Nisamehe, Mama," nikasema. Sisemi mara nyingi.

"Lete karatasi."

Aliandika hadi chai yangu ikapoa kabisa. Herufi zake zilipanda na kushuka, na moja ilivuka mpaka ikaingia kwenye mstari wa jirani. Nilikaa juu ya mikono yangu. Alipomaliza akaisogeza karatasi mbali, akaitazama, akairudisha, akaongeza nukta.

"Sasa wapigie hao wanaokukimbia. Waambie mimi nimekwisha kuandika, na polisi hawajaja."

Jumamosi tukaweka meza katika chumba cha mashine za kufulia, na mama yule akakaa mwanzo wa meza na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Walikuja wawili, kisha watano, kisha mstari ukatoka hadi nje kwenye maegesho. Kila aliyefika, mama alimwelekeza kidole.

"Mwenyewe! Andika mwenyewe! Usimpe huyu kalamu!"

"Mama, wala sijaigusa!"

"Weka mikono mfukoni tuione!"

"Ikiwa mfukoni mtaionaje?"

Watu wakacheka, na nilijua kwa kile kicheko kwamba wamenirudia. Yule wa miaka kumi na saba ya kambi alikuja wa mwisho kabisa, akasoma karatasi yote kwanza, mstari wa juu mara mbili, kisha akaandika akiwa amesimama.

Siku ya tisa nilizipeleka. Karani alihesabu kwa wiki nzima, na alikuwa na haki ya kuchoka macho, maana mwandiko wa kata yetu si mchezo. Aliponiita alisimama nyuma ya meza yake.

"Zimetosha," akasema. "Na zile siku kumi nilipaswa kukupa mimi mwenyewe. Nilikosea."

"Mimi nilikutangulia," nikamwambia, na tukapeana mikono.

Mabadiliko yakasimamishwa, na Novemba mji wote ukayapigia kura. Kata zikabaki. Hatukushinda kwa mbali, na hata baadhi ya wenye gereji tatu walitupigia, jambo ambalo sikulitarajia na ambalo nimelikumbuka kila ninapotaka kuwasema vibaya.

Watu huniuliza kwa nini sikugombea udiwani mimi mwenyewe. Ningeshinda, hilo halina ubishi. Lakini uchaguzi uliofuata waligombea wawili kutoka apatimenti, mama mmoja muuguzi Mkenya na mzee mmoja Msomali mwenye duka la simu, na wote wawili walibisha mlango wangu kuomba kura. Niliwapa chai. Nikawauliza maswali magumu, kila mmoja kwa zamu yake, na wote wakajibu vizuri. Siku ya kura nilisimama kwenye kile kijumba cha kupigia kura, kalamu mkononi, muda mrefu hadi msimamizi akaja kuniuliza kama nahitaji msaada.

"Hapana," nikamwambia. "Bado nachagua."