Kamwene na Shata Iliyo Wazi

Mpaka leo shangazi wa rafiki yangu akiniona hapa Iringa anasema kamera yangu mbovu. Mbovu! Damu inanichemka.

Rafiki yangu alikuwa anakwenda kuolewa Mbalizi, kule Mbeya. Alitaka kwangu kitu kimoja tu: picha yake na baba yake, ya kutundika ukutani. Mzee alikuwa mgonjwa, hatoki kitini, nje mvua, umeme umekatika. Flashi nisiwashe, maana alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa macho na mwanga mkali ulimtoa machozi. Sawa. Nikaifungua lenzi hadi mwisho, nikapandisha ISO, ule wepesi wa kamera kunasa mwanga, mpaka picha ikaanza kuwa na chenga, bado giza. Ikabaki kupunguza spidi ya shata, kile kipazia cha ndani ya kamera, ikae wazi muda mrefu, ikusanye kale kamwanga ka dirishani. Kamera nikaiweka kwenye stendi. Tatizo, shata ikikaa wazi hivyo, anayetikisika anageuka moshi. Nikawaambia, "Jamani, nikisema tayari, msitikisike."

Wakaitika wote. Nikabonyeza.

Mlango ukafunguliwa. "Kamwene!" jirani akasalimia. Na mzee wa Kihehe ataiachaje salamu hewani? Akageuka, akainua mkono: "Kamwene!" Nikatazama kwenye kioo cha kamera: binti katulia tuli, na pembeni yake moshi uliovaa koti.

Nikarudia, akaingia mjomba. Kamwene! Nikarudia tena, wakaingia akina mama wa kwaya, wakataka kumshika kila mtu mkono, bibi harusi naye akapiga goti. Lo! Nikasema, "Mzee wangu, kwa heshima zote, naomba usiitikie."

Akanitazama kama nimemtukana. "Mtu akusalimie unyamaze? Umelelewa wapi wewe?"

Wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nikaenda nikafunga komeo. Kubonyeza tu, hodi! Na aliyesema karibu ni nani? Mzee mwenyewe, kwa sauti yote aliyobaki nayo. Nikasonya mbele ya wakubwa, na sijutii hata kidogo.

Mjomba akaanza kupiga honi, kwamba Mbeya ni mbali. Rafiki yangu akaondoka na picha za moshi.

Mzee alifariki kabla binti hajapata nafasi ya kurudi kumwona. Jeneza likawekwa sebuleni palepale, karibu na dirisha lilelile, likiwa wazi watu watoe heshima za mwisho. Shangazi akanivuta mkono: "Wapige, na leo usituletee moshi." Ningemjibu, angenikoma! Flashi sikuwasha, roho ilikataa. Nikasimamisha stendi, nikapunguza shata kama siku ile. Rafiki yangu akasimama kando ya baba yake. Nikabonyeza.

Mlango ukafunguliwa. "Kamwene," wakasema majirani.

Mzee hakuitika. Alitoka safi, ndevu zake unaziona moja moja. Aliyetoka moshi ni binti yake.