Kanda ya Mwimbaji wa Norwe

Nikinusa udi kwenye nguo, humkumbuka mwimbaji mmoja wa Norwe. Kaka alininunulia kanda yake sokoni Hamriya, huku kwetu ng'ambo. Kwenye jalada alikuwa akitembea peke yake thelujini, gitaa begani. Mimi hata dukani sikuruhusiwa kwenda peke yangu.

Siku moja nilimkuta bibi, kanga yake inanukia udi, ameziba vitundu vya kanda ile kwa karatasi ili arikodi juu ya nyimbo salamu za kumpelekea dada yake wa Unguja.

"Nyamaza, nnarikodi."

Salamu zilipokwisha, nusu wimbo ulibaki mwishoni haujafutika.

Jibu lilikuja kwa kanda, tukalisikiliza pamoja.

"Na huyo mtoto anayelia mwishoni ni wa nani?" aliuliza dada yake. "Mfungulieni mlango."

Bibi alinitazama, akaizima redio.