Isale Mkononi mwa Mwalimu Fabian

Huyu Hilaria anayefundisha tuisheni ya Kiingereza pale Rau, mkono wake wa kulia umepinda. Ngoja niwaambie ulipindaje.

Alizaliwa Kibosho. Mama alikufa mapema, akabaki na baba yake, Theodory, wawili tu. Miaka ile ya themanini mwishoni, vihusishi vya Kiingereza vilifundishwa kwa fimbo. Mwalimu Fabian aliandika sentensi ubaoni, akaacha pengo. Unasimama, unajaza. Ukikosea, fimbo ya mti wa kahawa.

"The bus arrived... Bomang'ombe. Hilaria!"

"On, mwalimu."

"On? Basi lilipaa, likatua juu ya mapaa ya Bomang'ombe? Leta mkono!"

Darasa likacheka. Hilaria akanyoosha kiganja, hofu ikamfanya akivute, fimbo ikatua kwenye kifundo. Mfupa ukalia kama kuni kavu. Kicheko kikakatika, zikabaki kelele zake.

Theodory alikuwa jirani na uzio wa shule, akikatia ng'ombe majani ya migomba. Alikuja na panga lake. Alipouona mkono unaning'inia, hakuuliza. Akamburuta Fabian nje kwa ukosi, akamchapa bapa la panga mgongoni, teke la mbavu, ngumi ya mdomo. Meno yakatoka na damu.

"Mwanangu ni punda? Sema!"

Walimu wengine walijifungia ofisini. Hilaria alitoka akijikokota. Aliwaza moja tu: baba akiua atafungwa, naye atabaki na nani?

"Baba, acha!"

Theodory hakusikia. Akaligeuza panga, makali chini.

Uzio wa shule ulikuwa wa masale, yale majani ambayo Mchaga akikuletea kuomba radhi, kumkatalia ni mwiko. Hilaria akanyofoa moja kwa mkono mzima, akalisukumiza ndani ya ngumi ya mwalimu.

"Ameshika isale, baba! Ameshika!"

Panga likasimama hewani.

"Nani kampa?"

"Mimi."

"Isale huletwa na mkosaji, mwanangu! Haliletwi na aliyevunjwa!"

"Leo nimelileta mimi. Shusha, baba. Nakuomba."

 Theodory akalivurumisha panga migombani, akambeba bintiye mgongoni, wakashika barabara ya mawe kwenda hospitali.

Nyuma yao Fabian alipepesuka, isale mkononi, mdomo umevimba. "Mzee Theodory, nisubiri! Nisubiri, baba!"

Theodory hakugeuka. Ila alipunguza mwendo.