Siku Niliyompeleka Baba Mkwe Mwezini

Nacheka sasa hivi kwa sababu yameisha, lakini nawaapia, Jumapili ile ningepata shimo la panya pale Muleba ningeingia humo na maiki yangu mkononi. Na nisimlaumu mtu, maana aibu yote niliipika mwenyewe, nikaipakua mwenyewe.

Mnaijua kazi yangu. Natafsiri sinema kwenye kibanda umiza cha Bwana Sudi, karibu na stendi. Nakaa mbele kabisa, mgongo kwa watazamaji, macho kwenye televisheni, maiki mdomoni, nawageuzia maneno ya Wazungu na Wachina yawe Kiswahili, na spika moja iko ndani na nyingine iko nje juu ya mlango ili wapita njia wavutike (hiyo ya nje muikumbuke, ndiyo iliyonimaliza). Na mtafsiri hodari hatafsiri tu, anawabatiza waigizaji majina ya watu wa hapa hapa. Mlevi wa kwenye sinema nampa jina la mlevi wa sokoni, watu wanavunjika mbavu, wiki ijayo wanarudi.

Sasa, nilikuwa na mchumba, Kokugonza, fundi cherehani, ana chumba chake cha kushonea pale pale mjini. Tulipendana vizuri tu, tatizo lilikuwa baba yake, Ta Kaijage (Ta kwetu ni kama Bwana), mzee wa kijijini Izimbya, mjane, mtu wa kahawa na migomba na misa ya kwanza. Nilikuwa sijawahi kuonana naye ana kwa ana zaidi ya mara moja, na alipoambiwa nataka kuja kujitambulisha alimjibu binti yake hivi: "Mwanaume mzima anaongea peke yake mbele ya televisheni? Hiyo si kazi, hiyo ni homa. Mpelekeni hospitali." Koku alinisimulia huku analia, na mimi nilicheka kwa nje, ila ndani iliniuma jamani, iliniuma kweli, kwa sababu bila huyo mzee kukubali hakuna ndoa, na Koku alishaniambia wazi kwamba hawezi kutoroka nyumbani kama mbuzi aliyekata kamba.

Wiki ile Koku akaniambia, "Jumapili mchana weka sinema ya mapenzi, ya kuchekesha, isiyo na bunduki wala damu. Nitakuja na mgeni wangu. Usiniaibishe." Nikajua ni shangazi yake. Nikampigia Bwana Sudi, yeye ni mtu wa Bukoba mjini na sinema zote anatoa huko, Jumamosi akanitumia flashi kwa basi.

Na hapa ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniponza. Kawaida sinema naitazama yote kwanza, naandika na majina kwenye daftari. Jumamosi ile nikatazama dakika kumi tu, nikajisemea, aah, ya mapenzi hii, ina nini cha kuchungulia, watagombana watapatana, nikazima nikaenda zangu kucheza drafti.

Jumapili kibanda kikajaa, wakiwemo akina mama wengi waliotoka kanisani na kanga zao nzuri. Sinema yenyewe ilikuwa ya zamani zile ambapo mataifa mawili makubwa yalikuwa yanashindana nani atangulie kufika mwezini, ila vita yao ilikuwa huko nyuma nyuma tu, mbele kulikuwa na dada mmoja anayeshona zile nguo nene za kuvaa mwezini, na kijana wa kupiga mahesabu ya roketi ambaye (sikilizeni hii) anaogopa kupanda hata ngazi ya kubadilishia balbu. Vijana wangu wa sinema za ngumi walianza kunung'unika, "Erasto, mtu anakufa saa ngapi?" lakini baada ya robo saa nao wakatulia. Mimi nadhani utamu wake ulikuwa hapo, kwamba hakuna wa kufa. Roketi unajua itafika, hilo hata mtoto wa shule anajua, kwa hiyo roho yako inabaki na shughuli moja tu, huyu kijana atafungua mdomo lini? Anaweza kukuambia mwezi uko mbali kiasi gani, lakini kumwambia dada wa cherehani "nakupenda" anatoka jasho. Na magauni yale ya kiuno chembamba! Akina mama walikuwa wanapiga vigelegele kwa magauni tu.

Basi, kulikuwa na mzee mmoja mrefu mwenye mvi, kofia mkononi, kila mara yuko karibu na yule dada na anamfukuza kijana mlangoni. Nikasema huyu bila shaka ni baba yake. Na kwa vile roho ilikuwa bado inaniuma, na nilijua mhusika yuko Izimbya kwenye migomba yake, nikambatiza. "Huyo mnayemwona," nikasema kwenye maiki, "ni Ta Kaijage!" Kicheko. Nikamtengenezea na sauti ya puani. Kijana akitokea tu, nasema, "Ondoka hapa! Kuhesabu nyota si kazi, hiyo ni homa! Mpelekeni hospitali!" Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka, na mimi kadiri wanavyocheka ndivyo ninavyoongeza chumvi.

Sasa tumefika katikati. Dada yuko sebuleni, yule mzee anaingia, anaweka kofia kitini, anapiga goti moja chini, anatoa kisanduku, anafungua, pete!

Kibanda kizima kililipuka. "Mawee! Baba anamposa mwanawe!" Mama mmoja muuza ndizi akasimama kabisa: "Ta Kaijage! Ni wewe huyo? Mbona umekaa hapa kimya, waitu, mzee wetu?"

Nikageuka. Sijui kwa nini niligeuka, huwa sigeuki. Benchi la tatu Koku alikuwa amejifunika uso wote na kitenge, na kando yake, amenyooka, kofia gotini, Ta Kaijage mwenyewe wa Izimbya ananitazama.

Maiki iko wazi, spika ya nje iko wazi, nusu ya stendi inasikia, na kwenye televisheni Ta Kaijage wa pili bado amepiga goti anasubiri maneno. Nikaona Koku anaondoka maishani mwangu hivi hivi. Nikafungua mdomo na sala moyoni.

"Subirini!" nikasema, sauti ya puani imekimbia yenyewe. "Hiyo ni pete ya marehemu mama yake! Mzee anasema, 'Mwanangu, nimekataa vya kutosha. Nilikuwa naogopa kubaki peke yangu kwenye nyumba hii. Chukua pete ya mama yako, nenda kwa yule kijana. Mimi nimeridhika.'"

Na Mungu si Athumani, dada kwenye sinema akalia, akaichukua ile pete, akatoka mbio mpaka kwa kijana wake wa roketi, na mzee akabaki ameketi peke yake na kofia yake. Kuna watu walifuta machozi. Mimi niliendelea mpaka mwisho, roketi ikaruka, wale wawili wakakumbatiana, lakini msiniulize nilisema nini.

Watu walipotoka walipanga mstari kumpa mzee mkono. "Hongera, waitu, tumesikia umeridhika!" Hata wa nje, walioisikia kwenye spika. Yeye anaitikia kwa kichwa tu. Walipoisha akaja mpaka mezani kwangu. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo.

"Mimi nikiwa mtoto," akasema, "jirani yetu mwenye redio alikuja akasema watu wamefika mwezini. Baba yangu akakataa. Alikataa mpaka tunamzika. Na watu wamefika." Akaweka kofia yake mezani. "Hilo la kuogopa kubaki peke yangu, nani alikuambia?"

"Hakuna, baba. Nilibuni."

"Hm." Akatia mkono kwenye koti, akatoa kahawa ya kutafuna, akanimiminia punje chache kiganjani. Kwetu huko mtu unayemfukuza humpi kahawa. Koku alianza kulia tena, na mimi nikatafuna nikalia pia, sioni haya kusema. "Njoo Jumamosi na wazee wako," akasema. "Muleba nzima imesikia nimekubali, nitageukaje? Ila aongee mshenga. Wewe usifungue mdomo hata kuomba maji."

Nilikwenda Izimbya, nikakaa bubu saa nne nzima, ndizi na nyama vikapita, lubisi, pombe yetu ya ndizi, ikapita, sikuomba hata maji. Leo tuna mtoto, anaitwa Kaijage, na ndilo jina la mwisho la mtu wa hapa kwetu nililowahi kubatiza. Tangu siku ile wazee wote wa kwenye sinema nawaita John, na sinema naitazama mpaka mwisho, hata majina yale madogo madogo yanayopita na muziki.