Divai ya Bei ya Mbuzi

Majuzi binti yetu alitulipia viti vya mbele kwenye ndege, vile vinavyolazwa kama kitanda, twende kumwona mjukuu. Baba watoto alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu tutoke Machakos, na dawa yake ya presha haimezwi tumbo likiwa tupu.

Mhudumu akaja na divai, akamimina tone moja kwenye glasi, akasimama kungoja mzee aonje. Mzee akamrudishia.

“Onja wewe kwanza, mwanangu. Mama yangu akipika pombe alikunywa kikombe cha kwanza mbele ya wageni, waone haina sumu, akisema, ‘Mmeniona?’”

Bwana wa suti kando yetu akacheka. “Mzee, chupa hiyo ni bei ya mbuzi! Leta nikuonjee.”

“Wewe ni mgeni kama mimi.”

Nikajua hata chakula atakataa. Lakini yule msichana mhudumu akachuchumaa, akamimina maji glasi mbili. “Divai siruhusiwi kazini, mzee wangu. Maji tutakunywa.” Akamaliza yake yote.

Mzee akanywa, akala, akameza dawa. Nikashusha pumzi. Kumbe na hizo pesa zote za divai, kilichokuwa kinatakikana ni mwenyeji mwenye kiu.