Usukani Uliovuta Kulia

Kaka yangu alifariki mwezi wa tano, kwa ugonjwa uliomchukua wiki tatu tu, akaacha gari ambalo hakuna mtu katika ukoo aliyelitaka. Lilikuwa gari dogo la turbo, la bluu, lililoshuka chini, alilokuwa akilipeleka kwenye mashindano. Mama alisema liuzwe. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Njombe, na kuendesha nilifundishwa na kaka, ndani ya gari lilelile. Nikasema nalichukua.

Kwenye droo ya mbele nilikuta karatasi yenye mwandiko wake: hatua kwa hatua, jinsi ya kuondoa pawa ya usukani, ule msaada wa pampu na oili unaoufanya uwe mwepesi. Alikuwa amelisema jambo hilo miaka mingi. Pawa inamdanganya dereva, alisema. Unageuza usukani kwa kidole kimoja na barabara huisikii. Alitaka kuisikia. Nikaona hilo ndilo jambo moja la kwake ninaloweza kulimaliza.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita nikalipeleka Makambako, kwa fundi wake wa siku zote, mtu wa Tanga aliyefika na malori zamani na hakurudi kwao. Alisoma ile karatasi mara mbili.

"Dada, unajua unachokitaka? Gari likiwa limesimama, utazungusha kwa mabega. Likitembea litakuwa afadhali, ila kila jiwe utalijua."

"Ndicho alichotaka."

"Haya. Tumfanyie."

Kazi ilichukua wiki tano, kwa sababu aliifanya katikati ya kazi za malori. Aling'oa pampu, mkanda na mabomba ya oili. Akashusha mtambo wote wa usukani, akaufungua juu ya meza, akatoa sili ya ndani, mpira wa kuzuia oili, ili usiwe unasukuma hewa bure. Kuna kiungo kidogo kinachocheza ili kuifungulia oili njia. Akakichomelea kisicheze tena. Shule zilikuwa zimefungwa, nikawa naenda kila Jumamosi. Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha dereva, gari likiwa juu ya stendi za chuma bila magurudumu ya mbele, nikizungusha usukani ambao haukushika kitu. Ulizunguka bila mlio wowote. Sikupenda kuuzungusha kwa muda mrefu.

Nililichukua siku ya Alhamisi, mchana, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye lami. Fundi alikuwa amesema kweli. Kutoka pale gereji nilitokwa jasho kwenye baridi ile. Lakini nilipoingia barabara ya Njombe, usukani ukawa hai. Nilizisikia changarawe, viraka vya lami, maji yaliyotuama. Nililia kidogo, kwa sababu kaka alikuwa sahihi.

Halafu ukaanza kuvuta kulia.

Ulivuta taratibu, kama mtu aliyekaa pembeni ameweka mkono. Nikaunyoosha, ukarudi. Kwenye njia panda ya vumbi inayokwenda upande wa Kidugala ulivuta kwa nguvu mpaka nikaushika kwa mikono yote miwili, na mbele yangu lori likatokea kwenye ukungu likipiga honi. Nilipoipita ile njia, usukani ukalegea. Nikafika nyumbani mabega yakiuma.

Kesho yake nilimrudishia fundi. Alipima matairi na kila kiungo, akaliendesha mwenyewe mpaka ile njia panda na kurudi.

"Kwangu halivuti," alisema. Akafuta mikono, akafikiri. "Na barabara zetu zimeinamia pembeni ili maji yatoke. Gari bovu huvuta kushoto, huku kwenye mtaro. Kulia linavutwa na nini?"

Nikalirudisha nyumbani. Nilikaa wiki nzima bila kuligusa. Alhamisi iliyofuata, mchana, nikaliwasha, nikaenda hadi ile njia panda. Nikahakikisha hakuna gari linalokuja, nikalegeza mikono.

Liliingia kwenye vumbi lenyewe. Nilikanyaga mafuta tu, na breki. Kila penye njia mbili usukani ulijua. Tulipita mashamba ya viazi, tukapita mipaina iliyopandwa kwa mistari, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba niliona mistari miwili tu kila upande. Mwishoni mwa ile mipaina usukani ukawa mzito kabisa, haugeuki huku wala kule. Nikasimama. Mbele yangu palikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma.

Mlango ukafunguliwa kabla sijazima injini. Akatoka mwanamke wa umri wangu, kajifunga kitenge juu ya sweta, mikono ina udongo.

"Leo angalau umefika mlangoni!" alisema kwa sauti, nusu anacheka. Kisha akaniona, akasimama.

"Samahani," nikasema. "Mimi ni dada yake."

Alinitazama usoni muda mrefu. "Mmefanana. Karibu, wifi. Yeye yuko wapi?"

Nikamwomba kwanza aniambie yeye ni nani, maana sikujua hata kama yupo. Kaka hakuwahi kumtaja. Nilipokaa alinieleza kwamba alikuwa mchumba wa kaka, na kwamba mwanzoni mwa mwezi wa tano waligombana, kwa sababu kaka alikuwa anaahirisha kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa huyu mchumba. Baada ya hapo simu ya kaka haikupatikana.

"Nikanuna. Na yeye akawa anakuja vilevile kila Alhamisi, kama kawaida yake. Anasimama pale kwenye mipaina, injini inanguruma kidogo, halafu anageuza. Sikutoka hata mara moja. Nikasema atachoka, ataingia."

"Ulimwona?"

"Ukungu huu? Nilisikia. Turbo ile nitaikosea?"

"Alhamisi zipi?"

"Zote. Mwezi wa sita wote."

Mwezi wa sita wote mtambo wa usukani wa gari lile ulikuwa juu ya meza Makambako. Niliuona kwa macho yangu.

Nikamwambia kwamba kaka alifariki. Hakulia. Aliuliza siku tu, nikamwambia Jumatano ya mwisho ya mwezi wa tano.

"Kesho yake ndipo alipokuja mara ya kwanza," alisema.

Akaingia chumbani, akatoka amevaa viatu. "Nipeleke."

Nilimpeleka makaburini kwetu, karibu na parokia. Njia nzima usukani ulinyooka. Yeye alipiga magoti, akazungumza na kaka kwa Kibena, sauti ya chini, kama wanaosuluhisha jambo la nyumbani. Nikasogea mbali ili nisisikie.

Baada ya wiki mbili alinipigia simu. "Wifi, ile turbo haiji tena."

"Si afadhali?"

"Ningejua, ningetoka hata ile mara ya kwanza."

Siku hizi anakuja kwetu Jumapili baada ya misa. Mama anamwita mkwe na kumfungia mahindi ya kurudi nayo. Habari za mlio wa Alhamisi hatujamwambia. Gari halijavuta tena. Fundi anasema vyuma vimezoeana, na anaponiambia hivyo huwa anatazama pembeni.